Majini Wasio na Jina: Neno la Pwani katika Filamu za Kutisha Zitokanazo na Michezo ya Video

1.0 Utangulizi

Mnamo Machi 2009 kampuni ya Capcom, yenye makao yake Osaka nchini Japani, ilitoa mchezo wa video uitwao Resident Evil 5. Mandhari ya mchezo huo ni Kijuju, eneo la kubuni katika bara la Afrika. Wakazi wa Kijuju wametiwa kimelea mwilini, wamepokonywa hiari yao, na humvamia kwa mapanga na mashoka mgeni yeyote aingiaye mjini mwao. Mambo mawili katika mchezo huo yanamhusu moja kwa moja msomaji wa fasihi ya Kiswahili. La kwanza ni kwamba watu hao wapigapo kelele, hupiga kelele kwa Kiswahili. La pili ni kwamba jina lao, kwa wachezaji wa Tokyo, London na Chicago, ni Majini.

Mwaka uliofuata, Septemba 2010, maumbile ya viumbe hao yaliingia katika filamu ya Resident Evil: Afterlife iliyoongozwa na Paul W. S. Anderson. Filamu hiyo ilichukua vinywa vyao vinavyopasuka na kuchanua mithili ya ua, ikamchukua na mnyongaji wao mwenye shoka kubwa. Afrika haikuchukuliwa, wala Kiswahili, na wahusika hawalitamki jina la Majini.

Makala haya yanafuatilia safari ya neno hilo kutoka pwani hadi kwenye mchezo, na kutoka mchezoni hadi kwenye filamu, kisha yanatazama namna filamu za aina hiyo zinavyoweza kupokewa katika bara la Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, ambako neno jini lingali na maisha yake kamili. Katika mila za pwani, jini huulizwa maswali mawili: wewe ni nani, na nani aliyekutuma? Hoja ya makala haya ni kwamba historia ya utanzu huu yaweza kueleweka vyema kwa kupimwa na maswali hayo mawili. Mchezo wa Kijuju hauulizi swali la kwanza kamwe, na filamu inalifuta kabisa. Swali la pili ndilo pekee ambalo filamu hizo zinalijibu kwa ukamilifu, na ndilo linalozipa uzito mbele ya hadhira ya bara.

2.0 Zombi na Bwana Wake

Utohozi wa michezo ya video kuwa filamu ulianza kushika kasi katika miaka ya 1990. Super Mario Bros. ilitoka mwaka 1993, Street Fighter mwaka 1994, na Mortal Kombat, iliyoongozwa na huyohuyo Anderson, mwaka 1995. Filamu hizo zilikuwa za mapigano na vituko. Mkondo wa kutisha ulipata nguvu baada ya Capcom kutoa, mwaka 1996, mchezo ulioitwa Biohazard huko Japani na Resident Evil kwingineko. George Romero, mwongozaji wa Night of the Living Dead (1968), alialikwa kuandika mswada wa filamu yake, lakini mswada wake ulikataliwa. Kazi ikaangukia mikononi mwa Anderson, na filamu ya kwanza ikatoka mwaka 2002. Nyingine tano zilifuata hadi mwaka 2016, na kwa jumla mfululizo huo uliingiza zaidi ya dola bilioni 1.2 duniani. Filamu nyingine za mkondo huu, kama vile House of the Dead (2003), Doom (2005) na Silent Hill (2006), hazikufikia urefu wa maisha hayo.

Ili kuelewa siri ya maisha hayo marefu, hapana budi kurejea nyuma ya Romero. Zombi wa awali, aliyezaliwa katika masimulizi ya Haiti, hakuwa mla watu. Alikuwa mfu aliyefufuliwa ili afanye kazi katika shamba la mtu mwingine. Kilichowatisha watu wa Haiti, ambao mababu zao walikuwa watumwa, ni wazo la utumwa usiokoma hata kwa kifo. Masimulizi ya Tanzania yana ndugu yake zombi huyo. Msukule ni mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe amechukuliwa na mchawi alimishwe usiku. Kamusi za kale za Kiswahili nazo zinamtaja kizuu, pepo mbaya anayetumwa na bwana wake akaue. Viumbe wote watatu, yaani zombi, msukule na kizuu, wana bwana. Si ajabu kwamba hofu ya namna hiyo inaeleweka kwa wepesi Kisauni, ambako makazi ya Frere Town yaliasisiwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiliwa huru.

Romero alimwondoa bwana. Wafu wa filamu yake ya mwaka 1968 wanatembea pasipo kutumwa na yeyote. Hawana kazi wala mwenye kuwamiliki. Resident Evil ilimrudisha bwana huyo kwa sura mpya. Hapa bwana si mchawi bali ni Umbrella, kampuni kubwa ya madawa inayotengeneza virusi kuwa silaha ya kuuza, kisha inawaacha wakazi wa mji mzima wa Raccoon City wageuke maiti watembeao. Kwa maneno mengine, utanzu huu ulianza na utumwa wa shambani, ukapita katika wafu wasio na mwenyewe, ukaishia katika umiliki wa kampuni. Hatua hiyo ya tatu ndiyo inayoukaribisha utanzu huu upya katika fikra za pwani.

3.0 Jini wa Pwani Husema

Jini katika utamaduni wa Waswahili ana nasaba. Kwa mujibu wa mafundisho ya Uislamu aliumbwa kwa moto, na Kurani ina sura nzima, ya 72, iitwayo kwa jina lake. Kuna majini waumini na kuna makafiri. Kuna wa baharini na wa nchi kavu. Katika mapokeo ya kupunga pepo yaliyoenea kuanzia Lamu hadi Pemba na Mrima, pepo na majini hupangwa kwa makabila, na kila kabila lina ngoma yake, ubani wake, vazi lake na lugha yake. Miongoni mwa Wadigo wa upande wa Likoni na Wamijikenda wengine, shughuli kama hizo huandamana na mlio wa kayamba.

Jambo la msingi katika shughuli hizo ni mazungumzo. Mtu aliyepandwa huitwa kiti, kwa kuwa mgeni amekaa juu yake. Mganga humsemesha huyo mgeni. Humwuliza jina, atokako na atakalo. Jini akishajitaja, nusu ya hatari imekwisha, maana huweza kuahidiwa kitu, kukaripiwa, kupatanishwa au kuagwa. Anayeogopwa zaidi ni yule aliyekataa kusema. Hivyo basi, hofu ya pwani ni hofu ya kimya, na dawa yake ni lugha.

Fasihi andishi ya Kiswahili imeurithi mwelekeo huo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, hofu ya mahali palipoogopwa haimzuii Bwana Msa kuuliza maswali hadi uhalifu wa wanadamu udhihirike. Miongo minne baadaye, katika Babu Alipofufuka (2001), Said Ahmed Mohamed anamfufua mzee kutoka kaburini. Mfu huyo hatafuni nyama ya mtu. Anamjia mjukuu wake, K, mtu wa cheo aliyeinuka kwa kuwasahau wenziwe, na anamhukumu kwa maneno. Naye Katama Mkangi, mwandishi wa pwani ya Kenya, anampeleka Dzombo katika Walenisi (1995) kwa chombo kilichokusudiwa kumwua, naye anafika kwenye dunia nyingine ambako anajifunza kwa kuuliza na kujibiwa. Katika kazi zote hizo, kilicho cha ajabu kimewekwa ili kiseme jambo ambalo walio hai wamelinyamazia.

4.0 Kijuju: Lugha Isiyosemeshwa

Mchezo wa 2009 ulikuja baada ya Resident Evil 4 (2005), na ulinganisho wa michezo hiyo miwili una mafunzo. Mandhari ya mwaka 2005 ni kijiji cha Uhispania. Wanakijiji waliotiwa kimelea husema Kihispania, na huitwa Ganados, yaani mifugo. Mwaka 2009 mbinu ni ileile: huchukuliwa lugha ya mahali, na kutoka katika lugha hiyo huchaguliwa jina la waliopotoka. Tofauti iko katika uteuzi wa jina. Mkulima wa Ulaya anapopoteza akili, anashushwa akawa mnyama wa zizini, kiumbe asiye na hatia. Mwafrika apotezapo akili, anapewa jina kutoka katika imani yake, na maelezo ya mchezo yanalifasiri neno majini kuwa pepo wabaya. Wa kwanza ameharibiwa na ugonjwa. Wa pili anaelekea kuwa amefichua tu kilichokuwamo ndani yake tangu zamani.

Jina la mji nalo linastahili kutazamwa. Kijuju yaelekea limeundwa kwa kiambishi cha Kiswahili ki- kilichobandikwa kwenye juju, neno linalohusishwa na uganga wa Afrika Magharibi. Bara zima limekunjwa likatiwa katika neno moja. Katika sehemu za mbele za mchezo wanatokea Wandipaya, kabila la kubuni lenye vinyago, mikuki na vazi la majani, kana kwamba mji wa mabati na mgodi ulikuwa ngozi ya juu tu.

Picha za kwanza za mchezo huo zilipoonyeshwa mwaka 2007, zilimwonyesha mzungu mwenye bunduki akifyatulia risasi umati wa watu weusi. Mjadala mkubwa ulizuka. N'Gai Croal, mhakiki wa jarida la Newsweek nchini Marekani, alikuwa miongoni mwa walioeleza kwamba picha hizo zilibeba historia ambayo watengenezaji hawakuonekana kuitambua. Mchezo ulipotoka, shujaa Chris Redfield alikuwa na mwenzi Mwafrika, Sheva Alomar. Hata hivyo, Sheva na askari mwenziwe Josh Stone, Waafrika wanaosikilizwa katika hadithi, huongea na Chris kwa Kiingereza. Kiswahili kimebaki mdomoni mwa wanaopigwa risasi.

Mjadala huo ulihusu rangi zaidi ya lugha, ilhali kwa mzungumzaji wa Kiswahili kidonda kiko pia katika lugha. Mwanzoni mwa mchezo, mtu mwenye kipaza sauti anausemesha umati uwanjani. Anatoa hotuba. Hadithi haimhitaji mchezaji aielewe, inamhitaji aiogope. Hapa ndipo mila ya pwani imepinduliwa. Mganga wa Likoni humfanya jini aseme ili amjue. Mchezo humfanya Majini aseme ili asijulikane, na sauti yake iwe ishara ya kulenga shabaha tu. Lugha yenye tenzi, mashairi, riwaya na hukumu za mahakama imetumiwa kama mbweko.

5.0 Filamu: Jina Linapozama

Anderson alipoichukua Resident Evil 5 katika filamu ya 2010, aliichagua vipande vipande. Albert Wesker mwenye miwani myeusi alikuja na mapigano yake yaleyale. Jill Valentine alikuja na kifaa chekundu kifuani kinachomtawala. Mnyongaji wa Kijuju alihamia Los Angeles, akapewa nyundo iliyo pia shoka, bila neno lolote la kueleza alikotoka. Filamu ilipita Tokyo, Alaska na California. Ilipata takriban dola milioni 300 duniani.

Ingeweza kusemwa kuwa kuiacha Afrika kulikuwa busara, kwa kuwa kuliepusha filamu na lawama za mchezo. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini kuepuka lawama si sawa na kurekebisha kosa. Mchezo uliwapa Waafrika jina na lugha, ukavitumia vibaya vyote viwili; filamu ilivitupa vyote viwili, ikabakiza vinywa. Mtazamaji hana tena wa kumwuliza swali la kwanza, kwa kuwa hakuna tena mtu wa mahali popote nyuma ya umbo lile.

Sadfa moja ya lugha inastahili kutajwa. Katika Kiswahili, majini ni wingi wa jini, na pia ni mahali penye maji, hutamkwa sawasawa. Wasimuliaji wa pwani wamekuwa wakiona uhusiano wa karibu baina ya maana hizo mbili, kwa kuwa baadhi ya majini hukaa majini. Katika Afterlife, Alice na wenziwe wanapiga mbizi katika ghorofa ya chini iliyofurika, na kiumbe anamnyakua mmoja wao humohumo. Mapambano na mnyongaji yanafanyika chini ya mabomba ya bafu yanayotiririka, na hadithi inamalizikia melini. Resident Evil: Retribution (2012), ambamo wanyongaji wawili wanarejea, imewekwa karibu yote ndani ya kambi iliyo chini ya bahari huko Kamchatka. Filamu zililiacha neno, lakini kila mara zinaishia mahali ambapo neno hilo linapaita. Mtazamaji wa Kiswahili pekee ndiye anayeweza kuona kwamba waliozamishwa ni majini majini.

Kinyume cha utohozi wa namna hiyo kimo katika historia ya Kiswahili chenyewe. Shujaa wa filamu, Alice, hayumo katika michezo. Aliundwa kwa ajili ya filamu, na jina lake, pamoja na kompyuta iitwayo Red Queen, linamkumbusha mtazamaji hadithi za Lewis Carroll. Hadithi ya Alice ilikuwa imekwisha kuingia katika Kiswahili mwaka 1940, katika tafsiri ya Elisi katika Nchi ya Ajabu, ambayo michoro yake inamwonyesha Elisi akiwa msichana wa Kiafrika. Tafsiri hiyo ilikuwa zao la enzi ya ukoloni na ina kasoro za enzi yake. Hata hivyo ilijaribu kumpa mgeni mahali pa kukaa. Elisi alipoletwa Afrika Mashariki alipewa jina, sura na lugha. Majini walipopelekwa Hollywood walivuliwa vyote vitatu.

6.0 Hadhira ya Bara

Sinema kongwe za Mombasa, kama vile Regal na Naaz, zilikuwa kisiwani. Kwa mkazi wa ng'ambo ya kivuko au ya daraja, filamu ilikuwa na nauli. Kanda za video, na baadaye diski, ndizo zilizoihamishia filamu mitaani. Katika vibanda vya video vya mitaa ya watu wa kipato cha chini, watazamaji walikaa kwenye mabenchi mbele ya televisheni moja, wakalipa kidogo, wakatazama filamu za mapigano na za kutisha kutoka Marekani, Hong Kong na India. Vibanda vya michezo ya video navyo viliingia katika mitaa hiyohiyo, hata mchezo na filamu yake vikawa majirani.

Jambo lililoibadili kabisa hadhira hiyo ni kazi ya mfasiri. Nchini Tanzania, Lufufu alijipatia umaarufu kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake za asili. Nchini Kenya, DJ Afro alifanya hivyo kwa mtindo wake, na nchini Uganda kazi kama hiyo hufanywa kwa Kiluganda. Msimulizi wa aina hii hatafsiri tu. Huwapa wahusika majina ya utani, huwakejeli, huwaonya, na huwasemea hata wale ambao mswada uliwanyima usemi. Kwa mtazamo wa fasihi simulizi, huyu ni fanani aliyekaa baina ya skrini na hadhira. Kwa mtazamo wa makala haya, anafanya kazi iliyo karibu na ya mganga: anamsemesha kilichopanda. Kiumbe aliyeng'olewa ulimi na kamera anaweza kurudishiwa ulimi kibandani.

Swali la pili, la nani aliyetuma, halihitaji hata msimulizi. Pwani ina usemi wa kufuga majini. Tajiri ambaye mali yake haina asili inayojulikana husemwa kuwa anafuga majini wanaomletea fedha, nao hudai damu. Mtafiti Janet McIntosh, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu Malindi, ameonyesha jinsi masimulizi hayo yanavyobeba uchungu wa Wagiriama kuhusu mali na mamlaka ya majirani zao. Umbrella ni mfuga majini kwa kila hali: ina mali isiyohojiwa, ina viumbe inaowamiliki, na gharama hulipwa kwa damu ya watu wasiohusika. Mtazamaji aliyekulia katika masimulizi hayo haoni ugeni katika filamu hiyo.

Wala si masimulizi peke yake. Katika kijiji cha Owino Uhuru huko Mikindani, eneo lililokuwa chini ya Changamwe bungeni kabla ya Jomvu kutengwa kwa uchaguzi wa 2013, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliendesha kazi kati ya mwaka 2007 na 2014. Madini ya risasi yaliingia katika hewa, maji na damu za wakazi, watoto wakiwamo. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani iliitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha mwaka 2024. Katika filamu, Alice huibomoa kampuni kwa bunduki. Katika bara la Mombasa wakazi walitumia ushahidi, vipimo vya damu na mawakili, na walichokidai kwa miaka mingi kilikuwa ni kusikilizwa.

7.0 Hitimisho

Utanzu wa filamu za kutisha zitokanazo na michezo ya video mara nyingi hupuuzwa na wahakiki kwa kuwa fani yake ni nyepesi na wahusika wake ni bapa. Mapitio haya yameonyesha kwamba hata ubapa huo una historia. Neno la pwani lilichukuliwa likafanywa jina la umati usio na hiari. Kisha umati ukachukuliwa na jina likaachwa. Kilichobaki salama katika safari nzima ni mfumo wa bwana na mtumwa wake, ambao ndio mzizi wa zombi wa Haiti, msukule wa Tanzania na jini wa kufugwa wa Malindi na Mombasa.

Ni wajibu wa uhakiki wa Kiswahili kutolalamika tu kwamba lugha imetukanwa. Mwanafunzi wa fasihi anayekaa Likoni, Kisauni au Changamwe anayo tayari nadharia ambayo utanzu huu umeikosa, na aliipata nyumbani kabla ya kufika darasani: kiumbe akutishaye mwulize jina lake, kisha mwulize bwana wake. Kumwua kabla ya kumwuliza ni kumwachia bwana huyo usalama wake.